Tunasoma Nini Mwezi Huu?

Makanisa mengi ya wasemao Kiswahili huko Louisville, Columbus na Buffalo hayana jengo lake. Hupanga kwa wenyeji, na kwa kuwa wenyeji husali asubuhi, wapangaji huingia alasiri, na ibada ikaendelea mpaka taa za barabarani zimewaka. Baada ya mahubiri, sadaka na kwaya mbili tatu huja matangazo, nayo ndiyo gazeti la jumuiya: nani amejifungua, nani amefiwa na matanga yako wapi, nani amepata uraia, nani anauza gari. Katikati ya hayo husimama mama mmoja wa umoja wa wamama akataja kitabu cha mwezi, kiko kwa nani, na kitasomwa nyumbani kwa nani.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalobeba desturi nzima. Mmarekani wa kanisa lile lile, mwenye zamu ya asubuhi, naye ana kikundi chake cha vitabu, na pengine kinakutana kwenye chumba kile kile cha chini. Lakini yeye hununua nakala yake, husoma peke yake kitandani, kisha huja kusema kama amekipenda. Kwetu nakala huwa moja au mbili, na swali la kukipenda huchelewa kuulizwa. Kitabu kinakwenda nyumbani kwa mtu kama mgeni anavyokwenda, na waliokuja kukisikia hupikiwa chai ya maziwa.

Wasomaji hawa wengi wao ni Wakongo wa Fizi, Uvira, Bukavu na milima ya Minembwe, pamoja na Warundi, wakiwamo wale waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi Tanzania zaidi ya miaka thelathini kabla ya Marekani kuwapokea. Wamepitia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, au Kakuma nchini Kenya, au Nakivale nchini Uganda. Katika mwaka wa serikali ya Marekani wa 2019 Wakongo waliopokelewa walikaribia 13,000, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote mwaka huo. Walikuja na mifuko michache, na ndani ya mifuko hiyo mara nyingi kulikuwa na vitabu viwili: Biblia na kitabu cha nyimbo, Nyimbo za Wokovu kwa Wapentekoste wengi, Tenzi za Rohoni kwa wengine.

Biblia hizo zinastahili kuangaliwa kurasa zake za mwanzo kabla ya Mwanzo yenyewe. Wapo waliopewa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu karani wa kambi alihitaji kujaza nafasi kwenye fomu. Hati za kusafiria zikaandikwa hivyo, leseni za udereva zikafuata, na leo kuna familia ambazo watu wanne huzaliwa siku moja ya Mwaka Mpya. Tarehe ya kweli, pale ilipojulikana, imeandikwa kwa kalamu ndani ya jalada la Biblia, pamoja na siku ya ubatizo na majina ya waliobaki njiani. Watu waliozoea kitabu cha namna hiyo hawawezi kukichukulia kitabu kingine chochote kama bidhaa tu ya kupitishia muda.

Usomaji wenyewe una taratibu zake, japo hakuna aliyeziandika. Msomaji huchaguliwa kwa sauti na subira. Mara nyingi ni binti aliyemaliza sekondari kambini, au mama aliyekuwa mwalimu. Waliosoma sana si lazima wasome vizuri. Kuna baba mmoja mwenye shahada ambaye akishika kitabu kila mtu hukumbuka ana jambo la kufanya jikoni. Msomaji mzuri anajua kusimama. Akifika penye neno zito, yupo atakayesema, “Rudia hapo,” naye hurudia. Akifika penye habari inayofanana na ya mtu aliyemo chumbani, hushusha sauti bila kuambiwa. Bibi asiyejua kusoma hukaa karibu naye kuliko wote, na mara nyingi ndiye atakayekumbuka, wiki mbili baadaye, mhusika fulani alisema nini na kwa nani. Sura moja kwa kikao inatosha. Kitabu cha kurasa mia moja huweza kuvuka mwezi wake, kikala na wa pili, wala hakuna anayelalamika.

Si jambo geni kwa Wakristo. Kama kilomita 80 kusini mwa Louisville ipo abasia ya Gethsemani, iliyoanzishwa mwaka 1848, alikoishi mtawa Thomas Merton, yule ambaye kitabu chake cha maisha kilichotoka mwaka 1948 kilisomwa na watu wengi nje ya Kanisa Katoliki. Wamonaki wa Gethsemani wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo ina sura nzima kuhusu kusomewa wakati wa chakula: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakula kimya. Kanuni hiyo hiyo inaagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome chote kwa mfululizo, bila kurukaruka. Ni kanuni inayofuatwa pia Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, na Mkatoliki wa Songea aliyehamia Kentucky angejiona yuko nyumbani kwa namna ambayo hakuitarajia. Kupewa kitabu ukakisoma mpaka mwisho, upende usipende, ni nidhamu ya karne kumi na tano.

Waprotestanti wa Maziwa Makuu nao wana kumbukumbu yao. Mwezi Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikaa siku mbili wakiifuatilia Biblia mstari kwa mstari juu ya jambo moja, Roho Mtakatifu. Wengi huona kikao hicho kuwa moja ya chemchemi za Uamsho uliosambaa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Mpaka leo makanisa yaliyoguswa na Uamsho huo yanaamini kwamba kusoma kusikoishia katika kuambiana hakujakamilika. Ndiyo maana katika vikao vya Louisville au Buffalo, sura ikiisha, hakuna anayeuliza mwandishi alikuwa na maana gani. Wanaulizana, “Imekugusa wapi?” Na mtu hujibu kwa habari za mume, za deni, za mtoto aliyeacha kusali.

Hapa ndipo uchaguzi wa kitabu unapokuwa mzito. Anayependekeza kitabu hasemi tu kwamba kimemfurahisha. Anakidhamini. Kikitokea na ukurasa wa aibu, ataulizwa yeye, na mama mchungaji atamwita pembeni. Kikitokea na fundisho lisilo la kawaida, wazee wa kanisa watataka kukiona. Kwa hiyo mtu hupendekeza kile ambacho tayari kimepita kwa watu anaowaheshimu: kitabu alichosomewa na dada yake Bujumbura, kijitabu kilichosifiwa na mchungaji wa Nairobi, kilichoachwa na mama aliyehamia Texas. Jina la aliyekipendekeza hukaa na kitabu kuliko jina la mwandishi. “Kile cha Mama Fulani,” watu husema, na Mama Fulani hakuandika hata mstari mmoja.

Napenda udhamini huo, lakini una gharama, na heri tuitaje. Orodha za mwezi zinakuwa za woga. Nikizitazama kwa miezi kadhaa nakuta maombi, ndoa, kufunga, ushindi, maombi tena. Vijitabu vyembamba, vingi vimetafsiriwa haraka kutoka Kiingereza, vyenye ahadi kubwa na habari chache. Historia ya Kanisa letu wenyewe haimo. Maisha ya watu hayamo. Hadithi hazimo kabisa, maana hadithi ni uongo, na nani atadhamini uongo mbele ya wazee?

Mabinti wametatua tatizo hilo kwa njia yao. Columbus ina mtandao wa maktaba za umma ambao ulifuta faini za kuchelewesha vitabu tangu 1 Januari 2017, na kwa familia iliyofundishwa na maisha kuogopa kila karatasi yenye deni, jambo hilo lilikuwa kama kufunguliwa mlango. Watoto huazima kwa mafungu. Wazazi waliposhtuka kuona riwaya, mabinti walikuwa na jibu tayari: ni riwaya za Kikristo. Na kweli zipo, rafu kwa rafu. Soko lake lilipata nguvu kubwa baada ya mwandishi Mkanada Janette Oke kutoa Love Comes Softly mwaka 1979, na moja ya matawi yake makubwa ni hadithi za Waamishi, wale Wakristo wanaopanda magari ya farasi na kukataa umeme wa gridi.

Waamishi si watu wa kubuniwa. Wilaya ya Holmes, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Columbus, ina moja ya jumuiya zao kubwa duniani. Nyumbani wanazungumza lahaja yao ya Kijerumani. Kanisani wanaimba kutoka Ausbund, kitabu cha nyimbo kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1564, ambacho kiini chake ni tungo za Waanabaptisti waliofungwa katika ngome ya Passau. Hakina noti za muziki. Sauti zimepokewa kwa masikio, kizazi baada ya kizazi. Binti wa Kibembe anayesoma habari za msichana aliyefunika kichwa, anayewaogopa wazee wa kanisa, anayeishi kati ya lugha mbili na kuchumbiwa kwa macho ya kijiji kizima, hahitaji kufafanuliwa kitu. Wala mama yake. Nimesikia mama wa makamo akisimuliwa hadithi ya namna hiyo na mwanawe, kwa Kiswahili, kutoka kitabu cha Kiingereza, akikatiza kila dakika mbili: “Na baba yake alisema nini? Huyo kijana ana kazi?” Ikawa wamama wa kikao chake wameingia katika riwaya bila mtu yeyote kuidhamini.

Jambo hili la binti kumsimulia mama kitabu kwa lugha nyingine nadhani ndilo jipya kuliko yote katika mila hii, na halijapewa jina wala nafasi katika matangazo. Zamani sauti ilitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Sasa inapanda. Mama ndiye mwenye nyumba, chai na mamlaka. Binti ndiye mwenye ufunguo wa maktaba. Wapo wamama wanaoona haya kusomewa na watoto wao, hata wakaacha kuhudhuria vikao. Wapo pia watoto wanaochoka, na wana haki ya kuchoka. Kutafsiri riwaya nzima kwa mdomo si kazi ndogo, na hakuna anayewalipa.

Louisville ina ugumu wake, nao ni saa. Uwanja wa ndege wa mji huo ndio kituo kikuu cha ndege za mizigo za UPS, na mizigo huchambuliwa usiku. Mtu anayetoka kazini alfajiri hawezi kukaa kwenye kikao cha saa kumi na mbili jioni bila kusinzia. Kwa hiyo huko msomaji hujirekodi. Sura hutumwa kwa simu, na mwenzake huisikiliza akiwa garini, akingoja injini ipate joto. Kinachopotea ni ile “rudia hapo”. Mtu anaweza kurudisha nyuma kwa kidole, lakini hakuna anayejua kwamba amerudisha, wala kwa nini.

Mji huo huo una historia ambayo kila kikundi cha wasomaji Waafrika kingepaswa kuijua. Mwaka 1905, wakati watu weusi wa Kusini mwa Marekani walikuwa wakizuiwa kuingia maktaba za umma, Louisville ilifungua tawi la Western: maktaba ya umma ya kwanza nchini iliyowahudumia watu weusi na kuendeshwa na wafanyakazi weusi watupu. Ilianza katika vyumba vitatu vya nyumba ya kupanga, na mwaka 1908 ikapata jengo lake, lililojengwa kwa fedha za Andrew Carnegie, ambalo lipo mpaka leo. Mkuu wake, Thomas Fountain Blue, alikuwa mchungaji aliyesomea theolojia. Alifundisha wakutubi weusi kutoka majimbo mengine ya Kusini, maana hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na katika maktaba hiyo mwalimu na mshairi Joseph Seamon Cotter alianzisha saa ya hadithi kwa watoto, ikazaa mashindano ya kusimulia yenye kombe lililobeba jina lake. Mchungaji aliyekuwa mkutubi, na kombe la kusimulia: Mkongo akipita Mtaa wa Chestnut, ilipo maktaba hiyo, bila kujua hayo amepita mlangoni kwa ndugu yake.

Buffalo ina theluji, na theluji inasaidia kusoma. Baridi ikishika, watu wa upande wa magharibi wa mji, ambako wakimbizi wengi wamepanga nyumba za zamani za mbao, hukutana kwa jirani wa karibu tu, bila kujali dhehebu. Mkatoliki aliyelelewa katika shirika la mtaa huko Bukavu hukaa na Mwadventista mwenye lesoni yake ya robo mwaka na Mpentekoste anayedhani wote wawili hawajaokoka sawasawa. Chini ya hali hiyo kitabu cha mwezi huchaguliwa kwa uangalifu wa mabalozi.

Lakini sababu kubwa ya kuitaja Buffalo iko kama kilomita 110 kusini-magharibi, kando ya ziwa Chautauqua. Mwaka 1874 mchungaji Mmethodisti John Heyl Vincent na mfanyabiashara wa Akron, Ohio, Lewis Miller, aliyevumbua mashine ya kukatia majani, waliwakusanya walimu wa shule ya Jumapili kambini hapo wajifunze kufundisha. Miaka minne baadaye Vincent akaanzisha mduara wa kusoma kwa watu waliokosa chuo. Mwaka wa kwanza walijiandikisha zaidi ya 8,000, wengi wao wanawake: wake wa wakulima, walimu wa vijijini, wafanyakazi wa maduka. Kila mmoja alisoma vitabu vile vile, katika mpango wa miaka minne, na kuanzia mwaka 1880 jarida la kila mwezi likawaletea sehemu ya mwezi huo mpaka mlangoni. Walikutana sebuleni kwa mwenzao kusomeana na kuulizana. Waliomaliza kwanza, mwaka 1882, walifanyiwa mahafali ya heshima msituni kando ya ziwa. Mduara huo upo hata sasa, na kila mwaka huchagua vitabu vyake.

Kinachonivutia ni kilichokuwa kwenye orodha. Vincent, ambaye baadaye alifanywa askofu, hakuwapa Wakristo wake vijitabu vya ibada peke yake. Kitabu cha mwanzo kilichosumbua maduka kwa wingi wa waliokitaka kilikuwa historia ya Waingereza iliyoandikwa na J. R. Green. Zilifuata sayansi, fasihi ya Wagiriki, elimu ya nyota na sayari, pamoja na Biblia. Aliamini kwamba elimu yote ni ya Mungu, na akakubali kuidhamini orodha hiyo kwa jina lake mbele ya kanisa lake. Huo ndio udhamini wa mchungaji ninaoutamani kwetu. Si wa kuzuia tu, wa kuruhusu.

Vitabu vya kudhamini tunavyo. Safari ya Msafiri, hadithi aliyoitunga John Bunyan, mtu wa jela, ikatoka mwaka 1678, ni ya uongo wote kuanzia ukurasa wa kwanza, na hakuna mzee wa kanisa Kivu anayeikataa; basi hoja ya kwamba hadithi ni uongo imejibiwa zamani. Mathias Mnyampala wa Dodoma alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Ni tungo zilizotengenezwa kwa koo na masikio, na kwa kikao cha watu ishirini na nakala moja sijui kitu kinachofaa zaidi. Mkongo atalalamikia Kiswahili chake kigumu, na malalamiko hayo yatakuwa nusu ya burudani. Ningethubutu hata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyowahi kuzuiwa shuleni. Najua nitaitwa pembeni. Lakini ni kitabu cha mtu aliyelelewa seminarini, kinachouliza baba mkali na mlevi anamfanyia nini binti yake, nacho kinafikisha shauri hilo mpaka mbele za Mungu. Wamama wa Columbus wangekuwa na la kusema mpaka usiku.

Ugumu ni kuvipata. Jirani kabisa na Columbus, katika mji wa Dublin, ndiko yaliko makao ya OCLC, shirika lililoanzishwa mwaka 1967 na vyuo vya Ohio kuunganisha orodha za maktaba. Leo orodha yake inaonyesha vitabu vilivyomo katika maktaba za dunia nzima, vya Kiswahili vikiwamo. Mtu anaweza kumwomba mkutubi wa mtaani kwake amwazimie kitabu kutoka chuo kikuu cha jimbo jingine, na mara nyingi bila malipo. Wachache wetu tunauliza. Wakutubi nao hununua kile kinachoombwa. Lugha isiyoombwa hawawezi kuiota ndotoni.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wasomaji walio katika miji hiyo mitatu. Wachungaji, mwezi mmoja kati ya mitatu, toeni jina lenu kwa kitabu ambacho si cha ibada, mkitangaze nyinyi wenyewe madhabahuni ili mama wa umoja wa wamama asiubebe mzigo huo peke yake. Na anayesafiri Desemba kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, kabla hajafunga begi la kurudi, apite duka la vitabu anunue nakala tatu za kitabu kimoja: moja ya msomaji, moja ya bibi anayekaa karibu naye, na moja apeleke maktaba ya mtaani aombe iwekwe rafuni.